Kilele na kelele: jinsi mashine inavyopima kromu kiduchu ndani ya jiwe

Mjomba wangu ni broka wa mawe hapa Tanga, miaka na miaka anafuata mzigo Kalalani na Bonde la Umba mpaka kule karibu na mpaka wa Kenya, na juzi kati alinipigia simu usiku akaniambia njoo Ngamiani sasa hivi. Nikamkuta barazani na tochi yake na karatasi mbili. Shikamoo. Marahaba mjomba, kaa hapa, soma hizi. Karatasi zote mbili ni za jiwe moja, tomarini ya kijani, kipande kilekile kilichotolewa pembeni, kimepimwa kwa mashine ya aina moja ila maabara mbili tofauti. Ya kwanza imeandika vanadiamu asilimia 0.60 na kromiamu, ndo hiyo kromu, asilimia 0.07. Ya pili vanadiamu ileile 0.60, kromiamu 0.03. Sasa jiwe lenyewe sokoni linaitwa kromu tomarini na mnunuzi anataka aone hiyo kromu kwenye karatasi, kwahiyo kwa mjomba hiyo tofauti ni hela. Akaniuliza, hapa muongo ni nani?

Nikamwambia hakuna muongo, mashine zote mbili zimeona kitu kilekile, ila kwenye hesabu mmoja katoa kitu ambacho mwenzie hakukitoa. Hakuelewa, na kwa kweli sio rahisi kuelewa kwa dakika tano, tukakaa mpaka muuza kahawa akapita mara ya pili. Nimeona niyaandike hapa maana watu wengi wanaoshughulika na madini wanapewa hizi karatasi na wanazisoma kama vile ni mizani ya dukani, unaweka kitu, unasoma namba, basi. Kwa kitu kikubwa unaweza kusoma hivyo na usipotee sana. Kwa kitu kidogo sana huwezi.

Tuanze na huo udogo wenyewe. Wanaopima wanaandika ppm, yani sehemu ngapi ndani ya milioni. Asilimia moja ni ppm 10,000, kwahiyo ile kromu ya mjomba ya asilimia 0.03 ni ppm 300. Ukitaka kuona ppm 100 kwa macho, chukua gunia la mchele la kilo 100, mwagia chumvi gramu 10, ni kama kijiko kimoja na nusu cha chai, changanya gunia zima. Hiyo ndo ppm 100. Na hiyo chumvi kidogo ndo inayoamua bei ya jiwe, maana rangi ya vito vingi inatoka humo. Rubi na safaya ni jiwe moja, aluminiamu na oksijeni tu, likiwa safi kabisa halina rangi, ikiingia kromiamu kidogo linakuwa jekundu, wakiingia chuma na titaniamu pamoja linakuwa la bluu. Tanzanaiti ya Mererani bluu yake inatokana na vanadiamu. Tsavoraiti ni ganeti ambayo kijani chake kinatoka kwa vanadiamu na kromiamu. Na zile ganeti za Umba zinazobadilika rangi, mchana za kijani-bluu, usiku kwenye taa ya balbu zinageuka nyekundu, nazo ni vanadiamu na kromiamu ndani ya ganeti yenye magniziamu na manganizi. Mtu anayejua mawe anashika hiyo ganeti anaitoa juani anaipeleka ndani kwenye taa na anajua, ila hawezi kusema ni kiasi gani cha nini, hapo ndo mashine inapoingia.

Mashine yenyewe inaitwa maikroprobu ya elektroni. Wa kwanza kuijenga ni Mfaransa, Raymond Castaing, alichukua darubini ya elektroni akaigeuza iwe ya kupimia, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1951 pale Paris ndo ilieleza mashine na hesabu zake, na mpaka leo misingi ni ileile. Wazo ni hili. Unachukua kipande cha jiwe unakigandisha kwenye gundi ngumu, unakisugua mpaka kiwe laini kama kioo, wanamalizia kwa unga wa almasi wa chini ya maikromita moja (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), alafu unakipaka kaboni nyembamba sana ili umeme upite usijikusanye juu. Unakiingiza ndani ya chumba kisicho na hewa. Juu kuna waya unatoa elektroni, zinasukumwa kwa kilovolti 15 au 20, zinakusanywa na sumaku mpaka ziwe mshale mwembamba kuliko maikromita moja, zinapiga jiwe. Zikishaingia zinatawanyika kidogo, kwahiyo sehemu inayopimwa ni kama kidonge cha maikromita moja mpaka tatu. Unywele wa mtu ni kama maikromita 70, yani kwenye upana wa unywele mmoja unaweza kupanga vipimo ishirini na zaidi. Hiyo ndo sifa yake kubwa na ndo maana haijafa pamoja na kuja kwa mashine nyingine zenye macho makali zaidi.

Sasa elektroni inapopiga atomu inaweza kung'oa elektroni ya ndani kabisa, ile iliyo karibu na kiini. Nafasi inabaki wazi, elektroni ya nje inashuka kuijaza, na kwenye kushuka inatema mwale wa eksirei. Nguvu ya huo mwale ni ya kudumu kwa kila elementi, kromiamu ina wake, vanadiamu ina wake, chuma ina wake, haijalishi iko ndani ya jiwe gani. Aliyeonyesha huo mpangilio ni Mwingereza Henry Moseley mwaka 1913, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, miaka miwili baadae akauawa vitani Gallipoli akiwa na miaka 27. Huwa najiuliza angeishi angefika wapi. Kwahiyo ukipokea huo mwale unajua nani yupo, na ukihesabu iko mingapi na kulinganisha na kipande unachokijua, ambacho wanakiita standadi, unajua yupo kiasi gani. Castaing alisema kwa kuanzia, uwiano wa miale kati ya jiwe lako na standadi ni karibu sawa na uwiano wa kiasi, alafu unasahihisha kwa sababu jiwe lenyewe linameza sehemu ya miale na kuongeza nyingine. Kwa elementi kubwa, silikoni, aluminiamu, magniziamu, hapo umemaliza, unapata jibu zuri.

Kwa elementi kiduchu ndo kwanza kazi inaanza.

Maana elektroni hazing'oi elektroni nyingine tu. Nyingi zinapita karibu na kiini cha atomu zinavutwa, zinapunguzwa mwendo, na kwenye kupunguzwa zinatema eksirei pia, ila hizi hazina saini ya mtu, ziko za kila nguvu kuanzia chini mpaka mwisho wa ile kilovolti uliyoweka. Hizo ndo nimezoea kuziita kelele. Mwale wa elementi ni kilele kinachosimama juu ya kelele. Ni kama uko soko la Mgandini asubuhi na mtu anakuita kwa mbali, akiwa na sauti kubwa utamsikia tu, akinong'ona kwenye zile kelele huna uhakika umeitwa au umesikia vibaya.

Ili kuchuja kuna njia mbili. Moja ni ile ya kipokezi kinachopokea miale yote kwa pamoja na kuipanga kwa nguvu, ya haraka, iko hata kwenye darubini za elektroni za kawaida, ila macho yake ni ya kutandaa, inatofautisha nguvu za kama elektronivolti 130 (elektronivolti ni kipimo cha nguvu ya mwale) kwa hiyo vilele vya jirani vinavimba na kuungana, na kilele kidogo kinazama kabisa. Chini ya asilimia 0.1 usiitegemee sana. Ya pili ni ya fuwele. Unaweka fuwele yenye tabaka za atomu zilizopangwa kwa nafasi unayoijua, mwale wa urefu fulani tu ndo unaruka kwenye pembe fulani, mingine inapotea, alafu nyuma yake kuna kihesabio chenye gesi kinachohesabu moja moja. Ukitaka elementi nyingine unaisogeza fuwele kwenye pembe nyingine. Fuwele za kila siku ni tatu, zinaitwa kwa vifupisho LIF, PET na TAP, na mashine moja inaweza kuwa na spektromita nne au tano pembeni kila moja na fuwele zake. Hii inatofautisha elektronivolti kama 10 tu, na kwa sababu inatupa nje karibu kelele zote zisizo za pembe yake, kilele kidogo kinaonekana. Hiyo ndo ya kazi yetu.

Hapa naomba mvumilie hesabu kidogo maana bila hesabu hii mada haifunguki. Nachukua namba nyepesi za mfano. Tuseme vanadiamu tupu ukiipiga kwa umeme wa nanoampia 100 (nanoampia ni kipimo cha umeme mdogo sana) inakupa miale 20,000 kwa sekunde. Basi ppm 100 ya vanadiamu, ambayo ni moja ya elfu kumi, itakupa miale 2 kwa sekunde. Miwili tu. Na kelele hapohapo tuseme ni 20 kwa sekunde. Ukihesabu sekunde 100 juu ya kilele unapata 2,200, ukihesabu sekunde 100 pembeni ya kilele penye kelele tupu unapata 2,000. Unatoa, inabaki 200. Safi? Bado. Miale inakuja kwa kubahatisha kama matone ya mvua kwenye bati, ukihesabu mara ya pili hupati 2,000 ileile, utapata 1,960 au 2,050, na kanuni inasema huo uyumbaji ni kipeuo cha pili cha ulichohesabu, kwa 2,000 ni kama 45. Ukitoa namba mbili zinazoyumba, uyumbaji wa jibu unakuwa kama 65. Kwahiyo jibu lako ni 200 na linaweza kupanda au kushuka 65, yani ile ppm 100 uliyoandika ni 100 kujumlisha au kutoa 32. Na kama jiwe halina vanadiamu hata chembe, ile tofauti ya kelele kwa kelele itacheza huku na huku ya sifuri kwa 63, na wapimaji wanasema chochote kisichofika mara tatu ya hapo hatukiamini, mara tatu ni 190, ambayo ni kama ppm 95. Huo ndo mpaka wa kuona kwa mfano huu. Chini yake maabara inatakiwa iandike haionekani, na haionekani sio sawa na haipo. Hili naliona linachanganywa kila siku.

Utasogezaje huo mpaka? Hesabu muda mrefu. Ukikaa sekunde 400 badala ya 100, kilele kinachobaki ni 800 na uyumbaji ni 130, kwahiyo kosa, ukililinganisha na kilele, limeshuka nusu. Muda mara nne, kosa nusu, ndo sheria ya kipeuo na haina huruma, ukitaka kosa liwe robo unakaa mara kumi na sita. Au ongeza umeme, badala ya nanoampia 20 za kawaida unaenda 100 au 200. Au tumia spektromita zote tano kuhesabu elementi moja na kujumlisha. Watu wakaona basi, ni swala la subira tu, tukae usiku kucha tutafika ppm 1.

Hawakufika, na sababu yake naona ndo kiini cha habari nzima. Kukaa muda mrefu kunapunguza uyumbaji, hakuondoi kosa la kudumu. Chukua mfano wetu uleule. Ukikosea standadi yako kwa asilimia 2, kwenye ppm 100 umekosea ppm 2, hamna kitu. Lakini ukikosea kukadiria kelele kwa asilimia 1 tu, asilimia 1 ya 2,000 ni 20, na kwa kuwa 200 ni ppm 100 basi 20 ni ppm 10. Kosa dogo la kelele linaliza kuliko kosa kubwa la standadi. Na hata uhesabu mwaka mzima litabaki palepale, tena utaliandika kwa kujiamini zaidi. Yani kwenye elementi kiduchu namba yako inatengenezwa na kile unachotoa.

Na kelele huwezi kuihesabu palepale chini ya kilele, maana kilele kimeikalia. Unaihesabu upande wa kushoto na upande wa kulia alafu unachora mstari katikati na kusema chini ya kilele kelele ni hii. Kama kelele ni tambarare sawa, ila mara nyingi imepinda, ina tumbo la kulalia chini, na mstari ulionyooka juu ya kitu kilicholala tumbo unapita juu yake, kwahiyo unatoa zaidi ya inavyotakiwa na elementi yako inapungua au inakuwa hasi kabisa. Jiwe lenye titaniamu hasi kumi! Mtu akiona hasi anaifuta anaandika sifuri, na mimi nasema usifute, hiyo hasi inakuambia kitu, inakuambia mstari wako umekaa vibaya, au kama vipimo vingi vinacheza juu na chini ya sifuri basi inakuambia kweli hakuna kitu, ukifuta hasi zote ukabakiza chanya wastani wako utapanda juu bila sababu. Pia pembeni pale unapohesabia kelele panaweza kuwa na kilele kidogo cha elementi nyingine hukukiona, ukakihesabu kama kelele.

Alafu kuna mashimo, na hili lilinishangaza sana nilipolijua. Fuwele za spektromita zenyewe hazina tabia ya unyoofu, kuna pembe ambazo zinatupa sehemu ya miale upande mwingine na kelele inazama ghafla, panakuwa na kishimo kidogo kwenye mstari ambao ulitakiwa uwe laini. Kwa elementi kubwa hata hukioni. Ila kishimo kikiwa chini ya kilele chako unakuwa unatoa kelele nyingi kuliko iliyopo. Hii iliwasumbua watu wanaopima titaniamu ndani ya kwatzi, ambayo ina maana kubwa kwa wanajiolojia kwa sababu kiasi cha titaniamu kwenye kwatzi kinaeleza joto ambalo kwatzi ilizaliwa nalo. Mtafiti mmoja, Donovan, na wenzake mwaka 2011 wakaja na dawa rahisi sana, pima kwatzi ya kutengenezwa ambayo unajua haina titaniamu, kwa masharti yaleyale, pembe zilezile, umeme uleule. Ikikuambia hasi tano, basi hiyo hasi tano ni ya mashine sio ya jiwe, itoe kwenye vipimo vyote. Ni kile anachofanya sonara yeyote makini kabla hajaweka dhahabu yako, anaangalia kwanza mizani tupu inasoma ngapi. Kwa njia hiyo walishuka mpaka ppm 2 au 3 kwenye kwatzi. Sharti ni moja, hiyo sampuli tupu iwe ya jiwe la aina yako, huwezi kutumia kwatzi tupu kurekebisha ganeti maana kelele za ganeti ni nyingine, na kupata ganeti ambayo una hakika haina kitu sio kazi nyepesi.

Sasa turudi kwa karatasi za mjomba. Hapa tunahitaji jambo moja zaidi, kwamba kila elementi haina mwale mmoja. Ina mkubwa, K-alfa, na mdogo wake K-beta ambao ni kama sehemu moja ya kumi hivi. Na kwenye meza ya elementi titaniamu, vanadiamu na kromiamu zimekaa kwa kufuatana, na imetokea kwamba K-beta ya mmoja inaangukia karibu kabisa na K-alfa ya anayefuata. K-beta ya titaniamu iko kilo-elektronivolti 4.93, K-alfa ya vanadiamu 4.95. K-beta ya vanadiamu 5.43, K-alfa ya kromiamu 5.41. Kwenye fuwele ya LIF hiyo tofauti ya vanadiamu na kromiamu ni kama moja ya kumi ya digrii, kwahiyo spektromita imesimama kwenye pembe ya kromiamu inahesabu kromiamu na humohumo inahesabu mkia wa vanadiamu na haina namna ya kujua nani ni nani. Jiwe likiwa na vanadiamu nyingi na kromu kidogo, sehemu kubwa ya kromu unayoisoma sio kromu.

Tomarini yetu ndo hivyohivyo. Vanadiamu ppm 6,000, kromu mia chache. Maabara ya kwanza ilihesabu ikaandika ilichohesabu, 0.07. Ya pili ilichukua vanadiamu safi isiyo na kromu, ikaipima kwenye pembe ya kromu, ikaona vanadiamu inaigiza kromu kiasi gani, ikazidisha na vanadiamu iliyopo kwenye jiwe, ikatoa. Imebaki 0.03. Hapo sina wasiwasi, ya kufuata ni ya pili. Na wala sio ajabu, maana imeshajulikana muda mrefu tomarini nyingi za kijani za Afrika Mashariki zinazouzwa kwa jina la kromu zinapata kijani chao kutoka vanadiamu zaidi kuliko kromiamu. Mjomba akanyamaza kidogo, akasema yani miaka yote hii jina ni la mtu mwingine. Nikamwambia jiwe ni lilelile mjomba, kijani ni kilekile.

Huku kuigizana kuko kwingi, na kuna mahali kunaharibu kitu kikubwa kuliko bei. Milima ya Usambara tunayoiona kutoka huku chini ilipikwa ndani sana ya ardhi, na miamba ya eneo hilo ina umri wa kupikwa kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi. Njia moja ya kupata umri wa namna hiyo ni kupima chembe za madini yanayoitwa monazaiti kwa maikroprobu hiihii, kwa sababu monazaiti ina thoriamu na uraniamu ambazo polepole zinageuka kuwa risasi, ukijua thoriamu, uraniamu na risasi ziko kiasi gani unahesabu muda uliopita. Chembe yenye thoriamu kama asilimia 5.3 na umri wa miaka milioni 600, tukiiweka uraniamu pembeni, ina risasi kama ppm 1,400. Sasa mwale wa risasi unaotumika unagusana na mwale mdogo wa elementi nyingine, itriamu, na monazaiti inapenda sana itriamu. Usipoitoa ukazidisha risasi kwa ppm 100 tu, umeongeza zaidi ya miaka milioni 40 kwenye umri wa mlima. Na uraniamu nayo inaigizwa na thoriamu. Kwahiyo mtu anakuja na umri wenye tarakimu nzuri nzuri na kosa liko kwenye kutoa.

Kuna ujanja mwingine wa jiwe ambao hata ukifanya yote niliyosema bado unakupata. Elektroni zinaishia maikromita mbili tatu, ila eksirei zinazozaliwa pale zinasafiri mbali zaidi, makumi ya maikromita mpaka zaidi ya hapo, na zikikuta chembe ya jirani zinaiamsha nayo iteme miale yake. Spektromita haijui huo mwale umetoka wapi. Safaya nyingi zina sindano nyembamba za rutaili ndani, ni titaniamu tupu na oksijeni. Unapiga safaya safi, pembeni yake maikromita 20 kuna sindano imezikwa chini huioni, mashine inaweza kukuambia safaya ina titaniamu zaidi ya iliyonayo. Hukuipiga sindano, lakini imeitikia. Dawa ni kukaa mbali na mipaka, au kung'oa chembe na kuipima peke yake, au kukaa na hesabu ya kukadiria jirani kachangia ngapi. Nimeona watu wakichora mstari wa vipimo kutoka katikati ya chembe mpaka ukingoni, titaniamu inapanda taratibu kuelekea rutaili, wakaeleza ilivyosambaa kwa joto miaka mamilioni, kumbe ni mwangwi tu.

Na ule umeme mwingi wa kutafuta vilele vidogo una gharama yake pia. Ganeti na safaya zinavumilia, lakini kwatzi ikipigwa muda mrefu inabadilika na kelele zake zinahama wakati unahesabu, felspa inakimbiza sodiamu yake, apataiti floraini yake inacheza. Wanapanua mshale uwe maikromita 5 au 10 ili joto lisambae, ila hapo umeshapoteza kidogo ule udogo ulioufuata kwenye hii mashine. Ukipewa karatasi, angalia kilovolti ngapi, nanoampia ngapi, sekunde ngapi juu ya kilele na ngapi kwenye kelele, mpaka wa kuona ni ppm ngapi kwa kila elementi, na wametoa kuigizana kwa nani na nani. Ya kwanza ya mjomba haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ya pili ilikuwa navyo vyote kwa maandishi madogo chini ambayo hakuwa ameyasoma.

Akakunja karatasi akaiweka mfukoni, alafu akafungua kijikaratasi kingine, ndani kuna safaya ya rangi ya chungwa iliyokatwa vizuri, sio yake, kaletewa auze. Anataka kujua kama imechomwa na beriliamu. Hili ni swali la kweli kwenye biashara, maana kuanzia miaka ya 2001 na 2002 soko lilijaa safaya zilizochomwa na beriliamu mpaka rangi ikageuka, na za kwetu za Songea zilipitia huko kwa wingi. Akauliza hiyo mashine si itaiona?

Haitaiona. Kwenye safaya zilizochomwa hivyo beriliamu inakuwa ppm chache tu mpaka makumi hivi, na eksirei yake ni dhaifu mno, kama kilo-elektronivolti 0.11, jiwe lenyewe na ile kaboni ya juu zinaimeza karibu yote kabla haijatoka. Lithiamu ndo usiseme, haidrojeni haina kabisa mwale wa kutoa. Ya beriliamu inatafutwa kwa leza inayochoma kitundu na kupeleka moshi wake kwenye mashine ya kupima uzito wa atomu, au kwa mshale wa ayoni, yani atomu zenye chaji ya umeme, ambao Castaing huyohuyo na mwanafunzi wake Slodzian walikuwa kati ya waanzilishi wake mwanzoni mwa miaka ya 60. Zote mbili zinakula jiwe kidogo. Kitundu cha leza ni kama maikromita 50, kinawekwa kwenye mkanda wa pembeni ambapo macho hayakioni.

Mjomba akauliza kama hicho kitundu mnunuzi ataambiwa. Nikamjibu ndio, kwenye karatasi kitaandikwa. Akaitazama ile safaya kwa tochi kwa muda, akaifunga, akasema kesho nitampigia mwenye nalo nimuulize kwanza kama anakubali litobolewe.